Jogoo wa mbegu anayehimili joto na kideri: nichague kwa kigezo gani?

Habari wakuu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kuzalisha kuku.

Joto likikolea kuku wangu wanahema mdomo wazi, mbawa wameziachia mbali na mwili, chakula wanadonoa tu. Najua joto likizidi kinga hushuka, hata chanjo ya kideri (wengine mnaita mdondo) haishiki vizuri. Swali langu ni la damu, yaani ukoo wa kuku: jogoo wa mbegu nimchague vipi?

Kishingo (kuku wasio na manyoya shingoni) wanapoza mwili vizuri, hilo halina ubishi. Ila kuvumilia joto si sawa na kukabili virusi vya kideri, naona wengi wanavichanganya. Nimesoma kwamba kuku aina ya Fayoumi wa Misri wanamudu vyote viwili kuliko Leghorn (aina ya kuku wa mayai), ingawa mayai yao ni madogo.

Je, nikimpandisha jogoo wa Fayoumi kwa mitetea yangu, vifaranga watarithi ustahimilivu huo, au utapotea kizazi cha pili? Na nitaupimaje wakati kuku wote wamechanjwa? Kupima kingamwili kwenye damu baada ya chanjo kunatosha? Chanjo siachi, hilo msinishauri.