Tupeane uzoefu: laga za Kijerumani za bei chee, ulionja ipi na ukaionaje?

Wadau, hasa mlioko Ujerumani au mliopita huko kwa masomo na kazi, leo tuongelee zile bia za shelfu ya chini kabisa. Naanza mimi na Oettinger Pils (pils ni laga ya rangi ya dhahabu yenye uchungu kidogo), kopo la nusu lita, kilevi asilimia 4.7. Rangi njano ya kupauka, povu jeupe ila halikai, harufu ya kimea (shayiri iliyooteshwa na kukaushwa) kama mkate mkavu, uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) unakuja mwishoni na kuondoka mapema. Nyepesi lakini safi, na naipenda kweli. Watu wanaidharau sababu ya bei wakati jamaa kwa miaka mingi hawakutupa hela kwenye matangazo na mzigo waliupeleka madukani kwa malori yao wenyewe, kwa hiyo unafuu ulitokea huko na sio kwenye kimea. Haya, zamu yenu.

Mdau wa Leipzig:
Huku ni Sternburg tu mkuu, wenyewe wanaiita Sterni, ina nyota nyekundu kwenye lebo. Laga yao ya Export ndo naikubali, utamu wa kimea umezidi ule wa pils na inashuka vizuri na nyama ya kuchoma, jioni za kiangazi bustani zinajaa vijana kila mmoja na chupa yake.

Mdau wa Dortmund:
Mi kuna pils ya supamaketi moja, sitaitaja, ilikuwa chupa ya kijani imekaa dirishani kwenye jua, nikafungua ikanuka vibaya mno. Mwanga ukipiga hopsi ndo inakuwa hivyo, chupa ya kahawia inakinga zaidi na kopo ndo halipitishi kabisa, sasa ukinunua ya bei chee angalia ilikokaa kwanza. Halafu mimina kwenye glasi jamani, na isiwe baridi ya barafu maana ulimi unakufa ganzi husikii chochote.

Mdau wa Kampala, nilisoma Berlin:
Nimezoea bia yetu ya Eagle ya mtama, kwa hiyo laga ya shayiri tupu mwanzoni niliiona kavu, baadae nikaielewa. Kilichonifurahisha zaidi ni kreti, chupa 20 za nusu lita, ukirudisha tupu na kreti lake mashine inakupa risiti ya yuro 3.10, yaani amana uliyolipa wakati wa kununua, unaenda nayo kaunta wanaikata kwenye bei ya kreti jipya.