MJADALA: Mtoto wa mfalme akituhumiwa, kuvuliwa cheo kunatosha?

Mzabibu_wa_Nala: Wadau habari za jioni. Tangu Oktoba 2025 mfalme Charles wa Uingereza alivyotangaza kumvua mdogo wake Andrew cheo cha prince na kumtoa kwenye lile jumba la Windsor, hapa kijiweni watu wanasema haki imetendeka. Mi nakataa. Dada Virginia Giuffre alimfungulia kesi New York 2021, akidai alimdhalilisha kingono akiwa na miaka 17, Andrew akakana, Februari 2022 wakamalizana kwa hela na kosa hakukiri. Hakuna shahidi hata mmoja aliyesimama kizimbani, dada wa watu amefariki Aprili 2025, halafu adhabu ni kubadilishiwa jina? Apelekwe mahakamani kama mimi na wewe, au ukoo umalizane naye nyumbani?

Kibaigwa_Gunia: Mkuu tuliza moyo. Ile kesi ilikuwa ya madai sio jinai, kwenye madai kumalizana ni kawaida, hata wa Majengo sokoni wanamalizana kabla hakimu hajaita. Kulipa sio kukiri. Halafu wenzetu wana taratibu zao za kifalme, sisi huku Ugogo, Dodoma, hatujawahi kuwa na mfalme wa maana tutaelewea wapi.

Mjukuu_Mvumi: Mfalme wa maana ndo yupi?? Mtemi Mazengo wa Mvumi humjui au unajifanya? Shule ya Mazengo ambayo sasa ni chuo cha St. John's unadhani ilipewa jina la nani? Mgogo alikuwa na mtemi kila nchi yake, anashika mawe ya mvua, na mvua ikigoma yeye ndo anatafutwa. Kama huko sio kuwajibika niambie ni nini.

Kibaigwa_Gunia: Sijatukana mtu, mama yangu mwenyewe Mgogo wa Kongwa. Nimesema mfalme, mtemi ni chifu tu. Na hao unaowasifia Mwingereza ndo aliwaongezea meno wakusanye kodi, ndo maana uchifu ulivyofutwa 1963 hakuna aliyelia.

Mjukuu_Mvumi: Hakuna aliyelia ulikuwepo?

Shangazi_Nkuhungu: Wanangu mnapoteza mada. Mfalme wa Kiafrika kufungwa ipo, yule wa AbaThembu kule Afrika Kusini, Dalindyebo, ukoo ule ule aliotoka Mandela. Alichomea watu wake nyumba, akateka, akapiga, akala miaka 15.

Wakili_Makole: Shikamoo shangazi. 15 ilikuwa hukumu ya 2009, rufaa 2015 ikashuka 12, akaingia gerezani Desemba 2015, Desemba 2019 akatoka kwa msamaha wa Rais Ramaphosa. Yaani minne. Na hata Uingereza mtoto wa malkia anashtakika, Princess Anne 2002 alikiri kosa mahakamani kwa sababu mbwa wake aling'ata watoto wawili, faini pauni 500. Asiyeshtakika ni mfalme mwenyewe, maana kesi za jinai zinafunguliwa kwa jina lake, atajishtaki vipi.

Mzabibu_wa_Nala: Ndo hapo sasa! Mbwa kang'ata, mahakamani. Binti kalalamika, wanamalizana pembeni.

Kibaigwa_Gunia: Acha kufananisha, mbwa alionekana akiuma, huku ni neno la mtu na mtu.

Shangazi_Nkuhungu: Neno la mtu na mtu? Mwanangu hilo neno limeniuma. Mimi nina mabinti wawili. Mambo haya lini yalifanyika mbele ya kadamnasi? Ndo maana kuna polisi na mahakama, neno la huyu na neno la huyu yapimwe kwa kiapo, sio kwa pochi ya nani nene. Hujui mama anavyolala mtoto akirudi nyumbani haongei.

Kibaigwa_Gunia: Nisamehe shangazi, sikukusudia hivyo.

Wakili_Makole: Uhispania nako katiba yao ya 1978 inasema mfalme haguswi. Mkwe wa mfalme wao wa zamani, Juan Carlos, akafungwa 2018 kwa ufisadi, mzee mwenyewe 2020 akahamia Abu Dhabi. Ila tusiwanyooshee vidole sana, ibara ya 46 ya katiba yetu Rais hata akishatoka madarakani hashtakiwi jinai kwa aliyoyafanya akiwa Rais, na ibara ya 13 inasema wote sawa mbele ya sheria. Zisome zote mbili siku moja uone utalala.

Mjukuu_Mvumi: Wakili sawa ila mi bado nadai jibu kwa huyu wa Kibaigwa, amedharau watemi na hajafuta kauli.

Kibaigwa_Gunia: Sifuti. Sio Mazengo, ni mwingine wa upande mwingine na simtaji. Babu yangu alichukuliwa ng'ombe wanne na watu wa mtemi miaka ya hamsini, akatembea siku nzima kwenda barazani kulalamika, kufika aliyekaa kwenye kiti kusikiliza kesi ni mtemi yule yule. Nyumbani hilo jina halitamkwi mpaka leo.

Mzabibu_wa_Nala: Sasa kaka si ndo ninachokisema tangu mwanzo?

Mjukuu_Mvumi: Pole ndugu yangu, hilo ungelisema mwanzo. Na ng'ombe walirudi?

Kibaigwa_Gunia: Hawakurudi. Ndo tukahamia huku Kibaigwa.