Baba amepewa rufaa ya kitengo cha upandikizaji: je, anahitaji ini jipya?

Mtoto wa Pili

Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kutoka kwa wenye ujuzi au waliowahi kuuguza mgonjwa wa namna hii. Baba yetu, mwenye umri wa miaka 66, alianza kwa kuwashwa mwili mzima bila vipele, kisha macho yakawa manjano, mkojo ukawa wa kahawia iliyokolea na choo kikapauka kama udongo wa mfinyanzi. Hakuwa na maumivu yoyote, na ndiyo maana tulijivuta karibu mwezi mzima. Picha ya CT imeonyesha uvimbe wa sentimita 2.5 kwenye kichwa cha kongosho, ambao umebana mrija wa nyongo lakini haujagusa mishipa mikubwa ya damu. Amepewa rufaa kwenda hospitali yenye kitengo cha upasuaji wa ini, kongosho na mirija ya nyongo, pamoja na upandikizaji.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotuvuruga. Kaka yetu mkubwa ameacha pombe tangu Jumatatu na anasema yuko tayari kutoa nusu ya ini lake, na shangazi naye anazunguka akiuliza kundi la damu la kila mmoja wetu. Je, ni kweli ini la baba limekwisha? Kwa nini madaktari wanasita kumwekea stenti, yaani kijimrija cha kuzibua njia ya nyongo, ilhali umanjano unazidi? Na tutakapoonana na daktari bingwa wa upasuaji wiki ijayo, tumuulize nini?

Muuguzi wa Zamu

Pole sana kwa kuuguza. Mimi ni muuguzi katika wodi inayopokea wagonjwa hawa, na hofu yenu nimeiona kwa familia nyingi. Kwa maelezo yako, ini la mzee halijafa, bali limezibiwa njia. Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana, nayo hushuka kwa mrija unaopita kwenye kichwa cha kongosho kabla ya kumwagikia mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Mrija ukibanwa hapo, nyongo hurudi nyuma na kuingia katika damu, ngozi ikawa ya manjano na kuwasha, huku choo kikikosa rangi yake. Kizuizi kikiondolewa mapema, ini kwa kawaida hurejea kazini.

Upandikizaji hufanywa pale ini lenyewe linaposhindwa, kwa mfano likiwa limejaa makovu, au kwa baadhi ya saratani zilizoanzia ndani ya ini zikiwa bado ndogo. Kigezo kinachotumika sana, kilichotolewa Milan mwaka 1996, ni uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au hadi mitatu isiyozidi sentimita 3 kila mmoja. Ini jipya haliwezi kuuondoa uvimbe wa kongosho, na dawa za kushusha kinga ambazo mpokeaji hutumia zingeipa saratani uwanja wa kutamba. Kazi hizi huwekwa pamoja kwa sababu mikono ni ileile: anayeshona mrija wa nyongo wenye upana wa milimita chache kwenye ini lililopandikizwa ndiye hasa unayemtaka aushone wa baba yako.

Upasuaji unaoelekea kumhusu mzee ni ule unaoitwa kwa jina la Allen Whipple, aliyeueleza mwaka 1935. Huondolewa kichwa cha kongosho, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo na ncha ya chini ya mrija wa nyongo, kisha kongosho lililobaki, mrija na tumbo huunganishwa upya na utumbo. Ni kazi ya saa nyingi. Mshono unaotunyima usingizi ni ule wa kongosho na utumbo, kwa sababu kongosho likiwa laini uzi hukata nyama yake, na majimaji yanayovuja ndiyo yaleyale yanayoyeyusha chakula. Kwa hiyo mgonjwa huachiwa mipira midogo tumboni ya kutolea majimaji, nasi hupima amilezi, kimeng'enya cha kongosho, katika majimaji hayo siku ya tatu. Kabla hata ya jibu la maabara mimi huinua chupa kwenye mwanga: majimaji mepesi ya rangi ya majani makavu hunituliza, lakini yakiwa ya kijivu na mazito kidogo, nampigia daktari simu papo hapo.

Kuhusu stenti, kusita kwao kuna sababu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kuwawekea stenti wagonjwa wote kabla ya upasuaji kuliwaongezea matatizo kuliko kuwapasua mapema bila stenti. Huwekwa ikiwa upasuaji utachelewa, ikiwa mgonjwa ataanza na dawa za saratani, ikiwa bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo katika damu, imepanda mno, au ikiwa nyongo iliyotuama imepata maambukizi. Ulizeni pia kama amepimwa kuganda kwa damu, kwa kuwa bila nyongo vitamini K, inayosaidia damu kuganda, hainyonywi vizuri utumboni.

Bintiye Mama

Mama yangu alifanyiwa upasuaji huohuo miaka minne iliyopita. Hospitali ya kwanza tuliyoiendea ilikuwa tayari kumpasua wiki ileile, lakini nilipouliza wamefanya upasuaji huo mara ngapi mwaka huo, daktari alijibu kwa kuniuliza kwa nini nina wasiwasi. Tulihamia kwingine, na sijajuta. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa vifo baada ya kuondolewa sehemu ya kongosho vilizidi asilimia 16 katika hospitali zilizofanya upasuaji huo kwa nadra sana, na vilikuwa chini ya asilimia 4 katika zile zilizoufanya mara nyingi zaidi. Basi swali lenu la kwanza liwe idadi, na la pili liwe hili: mshono ukivuja usiku wa manane, nani yupo wa kuingiza mrija kwa kuongozwa na picha, au wa kuziba mshipa unaotoa damu? Daktari mzuri halioni swali hilo kuwa la utovu wa adabu.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni maisha ya baadaye. Mama alikonda mno, na choo chake kikawa kinaelea chenye mafuta, hadi tulipoelekezwa kwamba vidonge vya vimeng'enya vya kongosho humezwa pamoja na chakula, kuanzia tonge la kwanza, wala si saa moja baadaye. Sukari yake pia hupimwa mara kwa mara.

Mchangiaji wa Ini

Mimi nilimtolea mdogo wangu sehemu ya kulia ya ini, takriban asilimia 60, kwa hiyo nazungumza na kaka yako. Ini lililobaki hukua na kukaribia ukubwa wa awali ndani ya miezi michache, lakini kovu langu bado linavuta hali ya hewa ikibadilika. Hatari ya mchangiaji kufariki ni ndogo, ila ipo. Kabla ya kukubaliwa niliitwa peke yangu chumbani, familia ikaachwa nje, nikaulizwa kama kuna anayenishinikiza. Kaka asijilaumu kwa kuwa ini lake halihitajiki, na hiyo pombe aendelee kuiacha.

Mtoto wa Pili

Nawashukuru nyote. Kaka amesoma haya kimya, kisha akasema angalau sasa anajua anachokiombea. Hata hivyo kuna jambo jipya: tangu jana jioni baba ana homa na anatetemeka hadi kitanda kinasikika. Je, tusubiri miadi ya wiki ijayo?

Muuguzi wa Zamu

Msisubiri hata asubuhi. Umanjano ukiambatana na homa na kutetemeka huashiria maambukizi katika nyongo iliyoziba, nayo huweza kuingia katika damu upesi. Mpelekeni idara ya dharura usiku huu, mchukue picha zake zote, na mtaje neno "kutetemeka" mapokezi. Sasa suala la stenti limebadilika.

Mtoto wa Pili

Tumefika saa tano usiku. Wamemtoa damu ya kuotesha vijidudu, wameanza antibiotiki za mshipa na vitamini K, na wamesema stenti itawekwa alfajiri kwa kamera ya kupitia kinywani. Upasuaji umesogezwa mbele hadi maambukizi yaishe. Daktari wa zamu nimemuuliza wanafanya upasuaji huo mara ngapi kwa mwaka, naye amenijibu kwa tarakimu.