Tupeane uzoefu: Samaki mwamnunua wapi hapa Mombasa, na hili la zebaki mwalichukuliaje?

Ummu Twahir, Kibokoni
Assalaam aleikum wenzangu. Binti yangu ana mimba ya miezi mitano, na tangu aanze kliniki nyumba haina amani. Muuguzi kamwambia aache papa na nduaro, na jodari mkubwa asimguse, kisa zebaki, madini yenye sumu kwa mtoto tumboni. Bibi yake akawaka: "Mie nimezaa tisa, wote nimewabeba kwa mchuzi wa papa. Hiyo zebaki ilikuwa wapi?" Sasa jikoni kwangu kuna sufuria mbili kila siku.
Mie nimezoea kumtazama samaki jicho na kumfunua shavu. Jicho limejaa, shavu jekundu, natoa pesa. Zebaki yaonekana wapi? Leteni visa vyenu, hotuba nimeshazisikia.

Nahodha Mstaafu, Tudor
Haionekani, mwanangu. Nimevua miaka thelathini na sijawahi kuiona. Jicho na shavu hukwambia samaki ametoka majini lini. Hayakwambii ameishi miaka mingapi wala amekula nani. Papa aweza kuwa bado yuarusha mkia mchangani na zebaki yake iko pale pale nyamani.
Zebaki hupanda kwa kulana. Simu (huyu wa baharini, si wa mkononi) hula vijidudu vya majini, kibua akamla simu, jodari akamla kibua, papa akawala wote, na kila mlaji hurithi deni la aliowala. Mkubwa anayeishi sana ndiye mwenye deni refu. Tafi hula mwani, ana deni gani?
Sisi nyumbani tulikula tafi na changu. Usidhani ni hekima! Nikipata sulisuli au nguru mkubwa, tajiri alikuwa ashamngoja ufuoni na mizani, samaki akaenda hotelini. Umaskini ulitukinga.

Mama Karanga, Likoni
Nahodha umenichekesha, lakini ni kweli. Mie nauza vibua, simu na tafi wa kukaanga, wateja wangu ni makuli na watoto wa shule. Mwaka wa 2018 lilipozuka zogo la samaki wa kutoka China waliodaiwa kuwa na sumu, watu walinikimbia hata mie. Namwambia mtu tafi huyu katoka majini alfajiri, ananiuliza kama ana sumu! Wiki mbili nilirudi na beseni limejaa.
Na wanaosema ndimu na siki hutoa zebaki, nauliza tu: ni kweli? Mteja mmoja hunilazimisha nimloweke samaki wake ndimu nusu saa.

Mwalimu wa Kemia, Changamwe
Si kweli, dada. Zebaki iliyo katika samaki imeshikana na nyama yenyewe. Ndimu yaondoa shombo tu. Ukaange, uchome au upake nazi, zebaki haiendi popote.
Uzoefu wangu ni huu. Mimi na mke wangu tulipopanga mtoto wa pili, tuliacha papa na jodari mkubwa miezi kadhaa kabla, kwa sababu zebaki hii hutoka mwilini polepole: nusu yake huchukua kama siku 50. Ukingoja hadi mimba ionekane, umechelewa kidogo. Lakini samaki hatukuacha, na hapa ndipo watu hukosea. Mwongozo wa Marekani huwakataza wajawazito papa, nduaro na jodari wa macho makubwa, na papo hapo huwataka wale samaki wa zebaki kidogo, gramu 227 hadi 340 kwa wiki, kwa sababu mafuta yake hujenga ubongo wa mtoto.
Wanafunzi wangu huniletea Minamata, kule Japani, ugonjwa uliogunduliwa 1956. Pale kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba ambayo watu walivua kila siku. Si sawa na kula jodari mara moja kwa mwezi. Wengine huchanganya na sumu ya kiwanda cha betri mtaani Owino Uhuru hapa kwetu. Ile ilikuwa risasi, madini mengine kabisa.

Kijana wa Kisauni
Langu nililihesabu zebaki kumbe siyo. Saa kumi jioni, jua la kaskazi, mchuuzi akapita na baiskeli, jodari kwenye karatasi ya nailoni, barafu hakuna. Bei nusu. Nikachukua kilo mbili, nikajiona mjanja. Hatukumaliza hata sahani: uso wangu ukawa mwekundu kama niliyepakwa pilipili, moyo wapiga ngoma, mke analia kichwa. Midomo yawasha. Nikapiga kelele, "Zebaki!"
Daktari akacheka. Alisema ni histamini, inayojitengeneza jodari, nguru au kibua akikaa kwenye joto, na moto hauiondoi. Alitupa dawa ya mzio, baada ya saa chache tukawa wazima. Kisha akaniambia zebaki haikukamati mezani, hujilimbikiza kimya kwa miezi. Nikikumbuka vizuri, yule samaki alikuwa akichoma ulimi kidogo. Nilidhani ni viungo.

Bi Somo, Majengo
Na je, wale wa vipande? Mie naliuziwa "nguru" aliyechunwa ngozi, mweupe, mzuri. Nikapika wa kupaka, nazi nzito, mgeni kaja. Kuuma, hamna mfupa! Katikati ya kipande pana kitu laini chatafunika kama gegedu. Papa. Harufu ya mkojo ilijificha chini ya tangawizi.
Tangu siku hiyo sinunui kipande kisicho na ngozi. Ya papa ukiipapasa kinyume yakwaruza kama msasa. Na kipande cha nguru lazima kiwe na duara la mfupa mgumu katikati. Mchuuzi akikataa nisiguse, naenda kwa mwingine.

Mama Karanga, Likoni
Bi Somo, na wengine hupaka mashavu damu ya samaki mwingine. Futa kwa kidole. Ikitoka damu na chini pana rangi ya majivu, rudisha.

Nahodha Mstaafu, Tudor
Nisisahau: wakati wa kusi bahari ikichafuka, wengi hawatoki, na "samaki wa leo" huwa wa juzi. Muulize muuzaji jana kulikuwa na upepo gani, utazame anavyojibu.

Ummu Twahir, Kibokoni
Nimewasomea wote kwa sauti, mbele ya Bibi. Ya gegedu imemchekesha hadi machozi, ya deni amenyamaza. Leo asubuhi nimeshuka Bandari ya Kale nikapata tafi sita, wadogo, bado wateleza mkononi. Binti kala watatu. Bibi naye kala wawili bila neno. Mchana nafungua friza nitoe barafu, nyuma kabisa pana kipande cha papa kimefungwa kwenye gazeti, kimefunikwa na mfuko wa mbaazi. Nimekiacha hapo hapo.