Wenye wazee wanaolelewa na dada wa kazi au ndugu kijijini, tupeane uzoefu (Mbeya, Iringa, Njombe)

Kamwene wakuu. Wengi wetu wazazi wapo Rungwe, Makete, Mufindi huko, sisi tupo mjini tunatafuta, mzee kaachiwa dada au mjukuu na hela ya matumizi inatumwa kila mwezi. Makazi ya wazee ya serikali ni machache, Fungafunga Morogoro, Nunge Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, tena ni ya wasiojiweza wasio na mtu. Kwa hiyo nyumba ya mzee mwenyewe ndo inageuka kituo na hakuna wa kukagua. Mligunduaje kama mzee anateswa?

Naanza. Bibi yuko Tukuyu, alipata stroke, kila ukipiga simu "nipo salama mwanangu", kumbe dada kaweka spika kasimama pembeni. Shangazi akaibuka bila kuaga akakuta midomo imepasuka kwa ukavu, dada anamnyima maji toka saa tisa mchana ili usiku asikojoe, maana kwa mvua za Tukuyu mashuka hayakauki wiki nzima. Siku hizi tunaenda kwa kushtukiza, simu haimuoni mtu.

Wa Mafinga: Ndo maana nasema mwogeshe mwenyewe. Baba mdogo tulikuta kidonda cha mgongo kimeshachimbika na chumba kinanukia dettol kama wodi. Daktari akatuambia mtu asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya masaa mawili hivi, na tukague makalio, nyonga, visigino, visukusuku. Ngozi zetu nyeusi usisubiri wekundu, angalia palipo peusi zaidi ya pengine, pa moto au pagumu. Anayekuzuia kumuogesha mzazi wako ana kitu anaficha.

Uyole Mwisho: Kwetu ilikuwa pensheni. Babu mstaafu, mjukuu ndo anashika kadi ya benki, laini ya simu na namba ya siri. Siku ya uhakiki wa wastaafu babu anavalishwa koti la suti anapakwa na mafuta, akirudi koti linavuliwa, baridi la mwezi wa sita linamkuta hana hata soksi. Jirani ndo aliyetuambia, tena kwa kunong'ona. Tulipombana yule kijana eti "babu mwenyewe alinipa". Babu hakukataa, aliinamisha kichwa tu, anaogopa akisema nani atamnywesha uji?

Mbena wa ughaibuni: Nafanya kazi nursing home, yaani nyumba ya kulelea wazee, huku Uingereza. Msidhani huku hawateswi, wapo wanaotukanwa na kuvutwa mikono. Ila England kuna CQC, chombo cha kusimamia huduma za afya na malezi, inakagua na ripoti inawekwa wazi mtandaoni, mtu anaisoma kabla hajampeleka mama yake. Na kila kitu tunaandika, kageuzwa saa ngapi, kanywa kiasi gani, kaanguka wapi. Mama yangu yuko Makete nikamwekea dada daftari la hivyo hivyo, la shule tu, anapiga picha kurasa ananitumia. Akiandika mambo yaleyale kwa kalamu ileile mstari kwa mstari najua kajaza siku moja.

Nesi Mwanjelwa: Ongezeni hili, mzee kuletwa analala muda wote kumbe anapewa piriton, ile dawa ya mzio inayoleta usingizi, asisumbue. Na akichanganyikiwa ghafla msiseme uzee, mara nyingi ni maambukizi au kukosa maji, mleteni. Halafu jiko la mkaa chumbani mmefunga madirisha, jamani!! Hilo linaua.

Wa Igurusi: Ndaga fijo mleta mada. Tunaripoti wapi sasa?

Nesi Mwanjelwa: Mwenyekiti wa mtaa au kijiji, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na dawati la jinsia polisi. Kama kapigwa chukueni PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, picha pia.

Wa Igurusi: Na kama anayemtesa ni mke wa kaka? Dada wa kazi unamfukuza, huyu je?

Uyole Mwisho: Hapo ndo pagumu mkuu, ukienda polisi ukoo mzima unakugeuka.

Wa Mafinga: Sisi upande wa mama yalitukuta hayo. Kikao cha ukoo kilikaa, wakatetea, ikabidi dada yetu wa Makambako aende na gari ambebe mama na godoro lake. Kaka haongei na sisi mpaka leo. Mama kanenepa.