PC ya maji inasukutua usiku kucha, duka linaniambia "ndivyo zilivyo"

Wakuu, mtanisamehe lugha, leo nimechefuka.

Nimenunua PC ya kuhariri video kwenye duka moja hapa mjini, wakanifungia mfumo wa kupoza kwa maji, rejeta (lile bamba la kutoa joto la maji) ya milimita 240. Hela nimelipa yote, na ya ufundi juu. Nikiwasha tu, gurugurugu. Nikianza kurenda (kuitoa video iliyokamilika), unaingia mlio mwembamba unaopanda na kushuka. Nimerudisha, fundi kaisikiliza akiwa ameshika simu yake, kasema: "Bosi, za maji ndivyo zilivyo."

Zilivyo wapi?

Nimeingia BIOS (mipangilio ya ndani ya kompyuta), nikazima feni kwa muda mfupi. Kelele iko palepale, kwa hiyo feni hazina kosa, ni pampu. Mifumo hii hutoka kiwandani na hewa kidogo ndani, hilo sibishi, na miaka ikienda maji hupungua taratibu kwa kupenya kwenye mabomba ya mpira. Lakini hewa hupanda juu! Hawa jamaa wameifunga rejeta chini kabisa ya kesi (boksi la PC), pampu iko juu kwenye prosesa. Hiyo hewa itajikusanya wapi kama si kwenye pampu? Nikiilaza kesi kwa ubavu, sehemu ya rejeta ikawa juu ya pampu, gurugurugu inakata. Na matundu ya kufungia rejeta kule juu yapo, matupu.

Huo mlio mwembamba nao nimeujua. Waya wa pampu wameuchomeka kwenye CHA_FAN, tundu la feni za kesi, kwa hiyo mwendo wake unafuata joto kama feni ya kawaida. Maza bodi (bodi kuu) ina AIO_PUMP, tundu la pampu, imeandikwa kabisa, pale pampu inakwenda mwendo mmoja. Hawakuiona?

Sasa kinachoniua: wanasema waranti imekufa kwa sababu nimefungua kioo cha pembeni. Kioo! Kina skrubu za kuzungusha kwa vidole, hata bisibisi hugusi. Nikitaka kazi yao irekebishwe, eti nilipie ufundi upya, au "waifungue waongeze maji". Mfumo uliofungwa kiwandani, uongezwe maji na nani? Mtu akikwambia hivyo, chukua mashine yako uondoke.

Shilingi yangu hawaioni tena. Jumatatu naipeleka, na safari hii naiwasha juu ya kaunta, saa ambayo duka limejaa wateja.