Risiti ina vyumba vitatu vya oili, gari lina viwili: fundi kanipiga mchana kweupe

Wakuu, mtanisamehe lugha, naandika nikiwa na hasira.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2003, gia za mkono, gia 5. Siku kumi zilizopita nililipeleka gereji moja hapa Dar (jina nalificha, modi wasije wakaufuta uzi) nibadilishiwe oili ya gia boksi na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu). Hesabu ikaja 280,000. Nikalipa, risiti nikaikunja nikaweka mfukoni bila kuisoma. Ujinga wangu huo, nimeshajitukana vya kutosha. Jana usiku ndiyo naifungua:

Oili ya gia boksi GL-4, lita 4. Oili ya difu ya mbele GL-5, lita 1.25. Oili ya difu ya nyuma GL-5, lita 1. Dawa ya LSD, chupa 1.

Oili ya difu ya mbele?

Kwa ambao hamjawahi kulala chini ya gari hili: kwenye WRX ya gia za mkono, difu ya mbele imo humo humo kwenye gia boksi. Ganda moja, oili moja, kijiti kimoja cha kupimia. Vyote viwili vinakula kama lita 3.5, basi. Ni kwenye otomatiki za miaka hiyo ndiyo difu ya mbele ina chumba chake na kijiti chake, mbali na hidroliki ya gia boksi. Kwa hiyo huyu bwana kazoea otomatiki, akaja kwangu akatoza chumba ambacho hakipo. Nimempigia asubuhi. Anajibu, "Bosi, Subaru zote zina difu ya mbele." Sasa nani kakataa kwamba ipo?

Na pesa siyo inayoniuma zaidi. Kinachoniuma ni hiyo GL-4. GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia, na GL-5 ndiyo yenye dawa nyingi zaidi ya kulinda meno. Sote tumeshasikia ule wimbo wa vijiweni kwamba GL-5 inakula shaba, usiitie kwenye gia boksi. Una ukweli wake kwa gari ambazo gia boksi iko peke yake: salfa na fosforasi iliyojaa kwenye GL-5 inaweza kuchokonoa pete za shaba za sinkronaiza (zile zinazolainisha gia kuingia) kukiwa na joto kali. Lakini kwenye gia boksi hii kuna pinioni na krauni (gia ndogo na kubwa za difu) za hipoidi, yaani pinioni imeshushwa chini ya kitovu cha krauni, na meno badala ya kubiringika tu yanaburuzana chuma kwa chuma. Bila ile salfa kujenga utando juu ya chuma, meno yanachubuka. Ndiyo maana kitabu cha gari kinasema GL-5, 75W-90. Waliotengeneza walijua kuna sinkronaiza humo ndani, hawakusahau!

Halafu dawa ya LSD, yaani difu inayozuia tairi moja lisizunguke bure. Ile dawa ni ya difu zenye sahani za klachi, zisikwaruze wakati wa kona. LSD yangu ya nyuma ni ya silikoni, imefungwa ndani ya kopo lake, haionjani kabisa na oili ya difu. Ni sawa na kumpaka mtu dawa ya kikohozi kwenye kisigino.

Na asije mtu hapa kuniambia "tia namba 140, jua la Dar kali". Namba za oili ya gia zina kipimo chao. 90 ya gia ni uzito wa karibu na 40 au 50 ya injini, siyo maradufu yake. Tia 140 uone gia ya pili itakavyokugomea asubuhi.

Nimeshatembea kilomita kama 600, Morogoro kwenda na kurudi ikiwemo, kwa mwendo ambao sitautaja. Tangu Jumapili nikikaa foleni nasikia harufu ya oili kuungua, yenye kunuka kama yai viza. Nilidhani ni injini.

Ninachouliza: kuna aliyewahi kufungua gia boksi ya WRX iliyotembea na GL-4? Meno yalikuwaje? Na fundi wa gia za mkono anayesoma kitabu kabla ya kushika spana, nitumieni namba PM.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Kuna mdau kanishauri nichomoe kijiti nipime. Nimeegesha pa tambarare, nimesubiri gari lipoe, nimekifuta, nimekirudisha, nimechomoa. Oili imepita alama ya juu, imepanda kijiti mpaka karibu na mpini. Lita 4 alitia kwa tundu lile, kisha akarudi kwa tundu lile lile na lita 1.25 ya "difu ya mbele". Chini ya gari, bomba la moshi limelowa.